Léontine wa Bihambwe, Anayepima Kahawa kwa Miguu

Ukungu bado umelala juu ya vilima vya Bihambwe. Léontine anasugua miguu kwa sabuni, anaisuuza vizuri, anapandisha kitenge hadi magotini na kuingia ndani ya birika la saruji lililojaa kahawa. Anakanyaga taratibu, macho ameyafumba. Wanaume wenye vikapu wanasubiri neno lake.

“Ingali inateleza,” anasema. “Tungoje.”

Kahawa ikishamenywa hubaki na ute mzito, nayo hulazwa birikani mpaka ute uachie wenyewe. Ikioshwa mapema, hunata na kuota kuvu ikianikwa. Ikichelewa, huchacha na kunuka.

Edmond, msaidizi wa bwana kilimo, amemweleza kinachotendeka humo: kwenye ganda la tunda huishi chachu, viumbe visivyoonekana kwa macho, navyo hutoa kitu kinachoyeyusha ute. Baridi ikizidi, chachu huzubaa.

Léontine alicheka sana. “Kumbe niko na wafanyakazi wenzangu mule ndani! Na mvua ikinyesha wanakuwa wavivu, sawa sisi tu.”

Zamani alipima kwa vidole. Mwaka juzi paa la nyasi la jiko lao lilishika moto, mama mkwe wake, Nyiransabimana, akiwa ndani. Léontine alizing’oa kwa mikono mitupu nyasi zilizokuwa zikiwaka mlangoni, akamtoa kikongwe mzima. Vidonda vyake vilipona, lakini vidole havikuhisi tena kitu.

Akahamishiwa kwenye kugeuza kahawa juani. “Nilikuwa nalia kila nikipita kando ya birika,” anasema.

Siku moja nyumbani alikuwa akikamua ndizi za pombe kwa miguu, mama mkwe ameketi kando.

“Mama, kuna ganda imebaki humu,” alisema Léontine.

“Umeiona wapi na povu yote hiyo?”

“Nimeisikia na muguu.”

Kikongwe aliitazama miguu ile. “Basi mutoto yangu, na kahawa je?”

Kesho yake Léontine alimwendea Isidore, kapita anayesimamia kazi ya kuosha. Isidore alicheka mpaka akashika ukuta.

“Miguu ndani ya kahawa ya bazungu?”

“Divai si bazungu banakunywa, Papa Isidore? Uliza Padri namna zabibu inakamuliwaga na miguu.”

Akapewa birika moja la kujaribu.

Wiki hiyo mvua haikukatika na baridi ilikuwa kali. Mabirika mengine yaliachwa muda uleule wa siku zote, kisha yakaoshwa. La Léontine lilikuwa bado linateleza. Nje, matunda mapya yaliyochumwa yalikuwa yakingoja nafasi, na Isidore akaanza kupandisha sauti.

“Toa hiyo kahawa, mama!”

“Hapana. Ikioza, nitajiondoa mwenyewe kwa kazi.”

Alilala bila usingizi. Asubuhi akaingia tena birikani, na mara hii punje zilimkwaruza katikati ya vidole vya miguu kama changarawe. “Maji!” alipiga kelele. “Leteni maji!”

Kahawa yake ilikauka safi. Ile ya mabirika mengine ilishikamana mabonge, ikatupwa. Isidore alikuja birikani mbele ya wafanyakazi wote. Alimletea kipande kipya cha sabuni na kumkabidhi mabirika yote.

“Nilimucheka mbele ya watu,” anasema leo kapita huyo, “njo maana na sabuni nilimupa mbele ya watu.”

Mavuno yakiisha, Léontine na mumewe Viateur watashika njia ya msitu kwa miguu kwenda Kibua, Walikale, alikozaliwa Léontine. Mama yake mzazi hajamwona tangu moto ule. Ameshaandaa kifurushi cha kahawa aliyoiosha mwenyewe.

“Atashika hii mikono, atalia,” anasema Léontine. “Nitamuacha alie. Kisha nitamutilia kahawa, na nitamuambia: kunywa, Mama, iko kazi yangu.”