Tunatembea Tu

Baba aliipata Ugiriki kwenye kalenda. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria ndiyo kwanza imefunguliwa, na mnunuzi mmoja wa korosho pale Masasi alikuwa akigawa kalenda za bure ili wakulima wasiende kumuuzia mwenzake. Baba hakuwa na korosho hata moja, yeye aliuza mitumba sokoni, lakini kalenda aliipata. Kila mwezi ulikuwa na picha yake ya huko Ugiriki: nguzo zilizovunjika, nyumba za watawa juu ya majabali, vijiji vyeupe mlimani. Machi haijaisha, baba alikuwa ameshaifunua mpaka Desemba na kutoa uamuzi.

"Hivi vyote tunavyo," alisema. "Majabali haya hapa nyuma ya nyumba. Watawa wapo. Magofu yapo. Na vijiji vya mlimani, si kwenu huko Newala, mama watoto? Tutakwenda kutalii."

Mama akaitazama ile picha ya nguzo. "Yaani watu wanafunga safari kwenda kuangalia nyumba iliyobomoka? Si waje waone choo chetu."

Lakini nilimwona anafikiri. Dada yake mkubwa alikuwa bado anaishi Newala. Si mbali na Masasi, ila kwetu mtu mzima hasafiri bila sababu, na sababu yenyewe ilikuwa moja tu, msiba. Basi ndugu hawa wawili walikuwa wakikutana misibani: wanaangukiana, wanalia, wanapika kwenye masufuria makubwa, wanaagana. "Sijui hata dada anachekaje siku hizi," mama aliniambia tukiwa tunachagua mchele. "Nikipanda hiyo pikapu ni kwa ajili hiyo. Magofu ataangalia baba yako."

Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, nimerudi likizo nikiwa na hamu ya kulala tu. Sikuombwa maoni.

Pikapu ya baba ya kubebea mitumba ilikuwa kuukuu, yenye maandishi ya Kijapani ubavuni ambayo baba alidai maana yake ni "imara". Kwa heshima ya safari alivaa koti jeusi refu alilolichambua mwenyewe kwenye robota la mitumba, katika jua lile. Akaapa hatutakimbia. Mtalii, alisema, haendi mbio. Mama huchafukwa na moyo akisikia harufu ya petroli, kwa hiyo tulimtandikia godoro nyuma, akalala chali, akajifunika kanga mbili kuanzia kichwani hadi miguuni kwa ajili ya vumbi. Mimi nilikaa kando yake, nimejitanda kanga, macho mekundu kwa vumbi hilohilo. Pembeni tuliweka madumu matatu ya maji, maana hakuna zawadi inayopokewa Newala kwa furaha kama maji.

Naomba sasa ututazame kama watu wa barabarani walivyotutazama. Gari linakwenda taratibu. Dereva amevaa koti jeusi. Nyuma kuna mtu amelazwa, amefunikwa gubigubi. Binti yuko kando yake, macho yamevimba. Sisi wenyewe hatukujitazama.

Wenye baiskeli walishuka wakasimama kando. Wazee walivua kofia. Baba aliwapungia mkono. "Unaona watu wanavyoheshimu gari?" alinipigia kelele kupitia dirishani.

Kwa watawa hatukukaa. Bruda mmoja mwenye ndevu alikuja mpaka kwenye pikapu, akachungulia nyuma, akafanya ishara ya msalaba, akatukabidhi kikapu cha mapapai. Baba alimsifu mpaka tunaingia Chiwata.

Chiwata kulikuwa na gofu la jengo la wamisionari: kuta mbili na nusu, na mkorosho umeota katikati. Baba alilizunguka mara tatu, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Binamu yake aliishi hapo jirani. Alitoka mbio, akaona koti, akaona godoro, akasimama.

"Kaka, kwema?"

"Kwema kabisa. Tunatembea tu."

Hapo ndipo tulipoharibu. Kwetu habari ya kifo haimwagwi mlangoni. Mwenye kuileta husema kwema, hukaribishwa, hukaa, hunywa maji, ndipo aseme. Kwa hiyo kadiri baba alivyosema kwema, ndivyo binamu alivyozidi kuamini kwamba mambo yameharibika. Hakuuliza tena. Alikwenda ndani, akarudi na kuku na nusu debe la mchele, akaviweka garini huku akitazama kando. Na mama, ambaye angemaliza yote kwa kupiga chafya moja, alikuwa amelala usingizi wa haki.

"Utalii unalipa," baba alisema tulipoondoka.

Kwenye mlima wa kupanda Newala rejeta ilichemka. Ikanywa dumu la kwanza, ikanywa la pili, ikalinywa na la mama mkubwa lenye mfuniko mzuri. Tukiwa tumesimama hapo, mama akikoroma chini ya kanga, lori la korosho likatufikia. Dereva aliacha injini ikinguruma, akashuka, akampa baba mkono kwa mikono miwili.

"Poleni sana, mzee. Mnampeleka kwao?"

"Ndiyo, kwao," alisema baba, kwa kuwa ni kweli. "Kwa dada yake, pale karibu na soko."

Dereva akaguna kwa huzuni, akatuachia dumu lake mwenyewe, akaondoka. Kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake, na akifa hurudishwa kwa wajomba zake. Kila kitu kilikuwa kimekaa sawa kichwani mwake. Alifika Newala saa nzima kabla yetu.

Tulipita Makote mama akiwa ameamka na kulalamika njaa, lakini bado amejifunika. Tulipokaribia kwa mama mkubwa tukasikia kilio. Uwanja umejaa. Mikeka imetandikwa, wanaume wamekaa upande wao, wanawake wamejifunga kanga viunoni, na ndoo za maji zimepangwa ukutani, kila nyumba imeleta yake.

Baba akazima gari. "Masikini," alisema, "tumekuta msiba."

Katikati ya wanawake mama mkubwa alikuwa akigaragara. "Mdogo wangu weee! Umeniacha na nani! Na kinu chako weee! Nilikwambia kimeliwa na mchwa, nilikudanganya, kiko jikoni nyuma ya mlango weee!"

Kanga ikafunuka. Mama akakaa kitako juu ya godoro, nywele zote vumbi. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, akaanza na adabu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," mama mkubwa akaitika kati ya kilio, kwa mazoea. Kisha akasikia alichoitikia.

Wanawake wawili walikimbia, mmoja akapitia dirishani. Mzee mmoja alisoma dua kwa sauti kubwa. Baba alisimama kando ya pikapu na koti lake akieleza kwamba tunatembea tu, tunatembea tu, kule Ugiriki watu hufanya hivi, na hapakuwa na mtu wa kumsikiliza. Mama mkubwa alikuja polepole, akamshika mama shavu, akalivuta.

"Una joto," alisema.

"Na kinu changu nimekisikia," mama akajibu.

Mama mkubwa akaanza kucheka. Alicheka kwa kukohoa, huku amejishika kiuno, meno mawili ya pembeni hayapo, na mama akamwangalia kwa makini mpaka mwisho kabla na yeye hajaanza. Chakula cha msiba kililiwa, kuku wetu akaongezwa. Alasiri baba aliwapeleka wote wawili Shimo la Mungu, kwenye ukingo wa mlima, waone bonde mpaka mto Ruvuma. Hawakuona kitu. Walikuwa wakisengenya watu.

Kinu mama hakukichukua. "Kiweke," alimwambia dada yake. "Ukilete mwenyewe Masasi, siku ambayo hajafa mtu."

Akakileta baada ya miezi miwili, juu ya lori. Watu walipomuuliza kulikoni, alisema ameleta kinu. Mwaka uliofuata mama akakirudisha. Kikaenda na kurudi hivyo miaka mingi, na mle hakikutwangwa chochote cha maana.

Mama alipofariki, tulipeleka habari Newala, tukangoja. Mama mkubwa alishuka kwenye basi, mzee sana, watu wawili wakimshika, na wa tatu akiwa amebeba kinu. Wanawake walimwendea kwa kilio. Akawainulia mkono wanyamaze.

"Mimi huyu nilishamlilia," alisema. "Leo ilikuwa zamu yangu ya kuja. Nimeleta kinu tu."

Nikakipokea, nikakipeleka jikoni, nikakiweka nyuma ya mlango.