Goti la Mzee na Chupa ya Wifi

Kamwene, wajukuu. Nyie mnaosoma haya kwenye simu zenu, mkisikia mtu anasema bangi inaponya uvimbe, msikimbilie kukubali wala kucheka. Mimi niliishia darasa la nne, lakini nimeishi nyumba moja na goti la mzee wangu aliyenioa. Najua ninachosema.

Goti hilo lilivimba mpaka suruali ikakataa kupita. Hospitali walisema kinga ya mwili imemgeuka, inashambulia viungo vyake mwenyewe. Wakampa vidonge vya kuipunguza makali. Dawa zile hufanya kazi polepole, na mzee wangu polepole haijui. Alitaka kushuka bondeni kugema ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kabla masika hayajaisha. Mwanzi wa ulanzi unataka mkono asubuhi na jioni. Usipoukwangua, unakauka, na msimu wako umekwisha.

Ndipo akaja wifi yangu kutoka Mahongole na chupa ya ulanzi, majani ya bangi yamelowekwa ndani.

"Kaka, kunywa hii. Utacheza."

"Wifi, sheria inakataza, na kaka yako ana dawa zake."

"Wewe nawe! Unalionea wivu goti?"

Niliwaacha, nikaenda kuuza viazi sokoni Makambako. Niliporudi nyumba ilikuwa tupu, na bondeni mtu anacheka peke yake. Nikashuka. Mzee wangu kasimama katikati ya mianzi, kisu mkononi. Badala ya kukwangua ncha kidogo tu kama miaka yote, amekata machipukizi yote mpaka shinani na kuyapanga chini kama miwa ya kuuza.

"Mke wangu, goti haliumi!"

"Haliumi. Na ulanzi je?"

Akatazama chini. Kicheko kikakatika. Mimi ndiye niliyecheka, Mungu anisamehe.

Basi kwa kuwa haliumi, vidonge akaviacha, akabaki na chupa. Haukupita muda goti likawa kama boga, akashindwa hata kushuka kitandani. Tukambeba mpaka hospitali Njombe, wifi naye nyuma, kabeba viatu vya kaka yake.

Daktari alikuwa binti mdogo. Hakutugombeza.

"Bibi, si uongo mtupu. Kwenye bangi kuna vitu vinavyoweza kutuliza uvimbe, bado vinachunguzwa. Lakini vinaweza pia kuilegeza kinga ya mwili, na vidonge vya babu navyo vinailegeza. Vikichanganywa, hata homa ndogo inaweza kumsumbua. Na majani ya kwenye chupa, nani anajua nguvu yake? Hapa yamelaza maumivu tu. Uvimbe umeendelea na kazi yake. Mkichelewa tena, goti litaharibika, hatatembea."

"Kwa hiyo mbwa anaendelea kung'ata," nikasema, "ila mwenye mguu hasikii."

"Ndivyo hivyo, bibi!"

Mzee akamtazama dada yake. "Ulisema nitacheza."

"Si ulicheza na mianzi?"

Hata daktari alicheka.

Alirudishwa kwenye vidonge, na goti likaanza kupungua. Siku tuliyorudi nyumbani niliwaita watu wote wa nyumbani sebuleni, nikawaambia: chupa ile mkaimwage chooni sasa hivi. Vidonge vya mzee vitakaa kwangu, atavimeza mbele yangu. Na wifi akija mkaribisheni, mpeni ugali ashibe, lakini mkoba wake aufungulie mlangoni.