Ng'ombe wa Bluu wa Bhoke

Siku mwanafunzi wangu Bhoke alipochora ng'ombe wa bluu bado naikumbuka, mwanangu, kama vile chaki haijanitoka vidoleni. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, hapa Nyanungu. Mimi, mwenye cheti cha sekondari na mapenzi makubwa ya blanketi, nilikuwa mwalimu.

Nilikuwa na kitabu cha picha, jalada limechanika. Nikawaeleza watoto: zamani huko Ulaya, picha zilizoheshimiwa zilikuwa za wafalme na vita, zikamaliziwa ndani ya nyumba. Wakatokea vijana Ufaransa wakabeba rangi zao mpaka mashambani na mtoni, wakachora upesi kabla mwanga haujageuka. Wakubwa wa sanaa wakawacheka, wakazikataa picha zao. Leo dunia inajifunza kwao. Nilihubiri vizuri, usinione hivi! Lakini aisifuye mvua imemnyea. Mimi nilikuwa mkavu kabisa.

Kisha nikasema, choreni ng'ombe wa kwenu. Bhoke akaleta karatasi ya mfuko wa saruji: ng'ombe mweupe, ubavu wa bluu. Nikampa sifuri mbele ya wenzake. "Huyu kaoga wino?" Darasa zima likacheka. Kesho yake hakuja. Nikasikia anachunga ndama, na kwamba shule ameiacha.

Siku ya tatu akaja bibi yake na fimbo yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwalimu, ng'ombe wetu umewahi kumwona saa ngapi?"

"Mchana, bibi."

"Mchana hata kipofu anaona. Kesho jua lisikukute kitandani. Njoo zizini."

Nikaenda, mwanangu, nikipiga miayo. Jua halijatokeza, moshi wa kinyesi kikavu kinachochomwa umetanda, na yule ng'ombe mweupe amesimama kando ya ua. Kwa mwanga ule wa alfajiri, ubavu wake ulikuwa bluu. Bluu kabisa! Kumbe niliyemcheka aliona, na mimi nilikuwa nimekalia kiti cha wale wakubwa wa sanaa.

Bhoke alikuwa anakamua. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Sikuwa nimeamka."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Mwalimu, umekanyaga mavi."

Asubuhi ileile akarudi darasani, na picha yake nikaibandika juu ya ubao.

Basi, mwanangu, kabla hujamwambia mtoto amekosea, nenda ukasimame pale aliposimama, saa ileile. Mungu akupe macho ya alfajiri, na miguu ya kuyafuata. Blanketi niachie mimi.