Sumaku Kwanza, Baridi Baadaye

Kikatiti, mwaka 1994, ukisikia pikipiki ikipanda kilima asubuhi, ujue Aikande anakwenda kumpandikiza ng'ombe mbegu za dume. Nyuma amefunga mtungi wa naitrojeni, kimiminika cha baridi kali kinachozitunza. Wanaume walimcheka mpaka ndama wake wa kwanza walipokua wakajaza ndoo za maziwa. Mzee Ephraimu peke yake bado alitaka dume la kuonekana.

Mzee huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Biashara huria ilikuwa imepamba moto, na kamati ilitaka kumpangisha mwuza mitumba chumba cha maabara. Mwalimu Kaanaeli, aliyemfundisha Aikande fizikia, aliomba awaonyeshe jambo moja kabla hawajaamua. Aikande akamletea mtungi wake wa akiba.

Mwalimu aliweka kigae cheusi cha kauri maalumu kwenye sahani, akamimina naitrojeni. "Kikipoa hivi, hupitisha umeme bila kupoteza hata chembe, na huweza kuibeba sumaku hewani." Akaiweka sumaku ndogo juu yake. Ikaelea, ikayumba, ikateleza mezani. Akarudia. Ikateleza tena.

"Mitumba angalau haikimbii mezani," alisema Mzee Ephraimu. Kamati ikaangua kicheko.

Aikande alitikisa mtungi. Naitrojeni iliyobaki ilitosha mara moja tu.

"Mwalimu, ndani ya kigae kuna nini cha kuikamata sumaku?"

"Kuna matabaka, kama chapati. Nguvu ya sumaku hupenya humo kwa vijizunguko vidogo mno. Vikinasa kwenye kasoro za kigae, sumaku haiendi popote."

"Na sisi tumeshakigandisha kabla havijaingia?"

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaiokota sumaku.

"Mimi sifungui mtungi ng'ombe hajatulia, mwalimu. Tuanze na sumaku."

Wakakiacha kigae kipate joto. Mzee Ephraimu akatazama saa mara mbili. Kisha Aikande akaweka kipande cha boksi la kiberiti juu ya kigae, na sumaku juu ya boksi, ndipo akamimina mpaka tone la mwisho. Uchemkaji ulipotulia, akalichomoa boksi taratibu.

Sumaku ikabaki hewani.

Mzee Ephraimu aliisukuma kwa kalamu. Ikatikisika, ikarudi palepale. Akapitisha kalamu chini yake, akitafuta uzi.

"Nani ameishika?"

"Vijizunguko, mzee," alisema Aikande. "Vimenasa."

Mzee akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Yule wa mitumba aambiwe atafute kwingine," alisema. "Na wewe binti, kesho upite kwangu. Ng'ombe nitamfunga mapema, umkute ametulia."