Nondo Juu ya Kichwa cha Mume Wangu

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, zilituletea mitumba, redio za kelele, na mkanda mmoja wa video ambao nusura uniache mjane. Mfanyabiashara mmoja wa Tukuyu mjini, mtu wa asili ya Pwani mwenye mgahawa, alinunua televisheni na deki, akawa anaonyesha mbio za magari kwa kila anayeagiza chai. Mume wangu akawa mnywaji mkubwa wa chai.

Siku moja akanipeleka nikaone. Vigari vyembamba, magurudumu yote yako nje, na katikati kichwa cha dereva kimechomoza peke yake. Wanaume walikuwa wanashangilia mwendo. Mimi nilikiangalia kile kichwa. Watu walioweza kuunda mashine ya namna ile walishindwaje kuweka kitu juu ya kichwa cha mtoto wa mwenzao? Nikauliza kwa sauti, mgahawa mzima ukanicheka.

Wasingenicheka kama wangejua yaliyokuwa nyumbani kwangu. Kijijini kwetu, milimani juu ya Kiwira, ndizi zilishushwa barabarani kwa vigari vya mbao vya magurudumu manne. Siku za gulio, vijana wakishamaliza kushusha mizigo, walivipandisha tena mlimani wakashindana kuteremka. Mume wangu alikuwa bingwa. Baada ya ule mkanda alikiunda upya kigari chake: kirefu, chembamba, yeye anakaa ndani miguu mbele, kichwa nje kama wale wa kwenye video.

"Weka kinga juu ya kichwa," nikamwambia.

"Nikae ndani ya tenga kama kuku? Halafu nikipinduka nitatokaje?"

Nikaweka mwiko chini. Sikupika siku hiyo wala iliyofuata, na mimi nikinuna huwa nanuna kweli. Mama mkwe akaja kuuliza kwa nini jiko limepoa, nikamweleza yote, nikijua wazi maneno yatafika wapi.

Kumwambia baba mkwe mwenyewe kusingewezekana. Kwetu Wanyakyusa, mke haonani na baba wa mumewe. Nikisikia sauti yake njiani, naingia migombani. Akiwa kwa mama, napita nyuma ya nyumba nimejifunika kanga. Nilikuwa nimeolewa pale karibu mwaka mzima na uso wake sikuujua. Nilimjua kwa mgongo.

Asubuhi moja tukakuta kigari kimefungwa nondo mbili zilizokunjwa upinde, moja mbele ya kichwa na nyingine nyuma, zimeunganishwa kwa juu. Baba mkwe alikuwa amezikunja mwenyewe. Mume wangu alinung'unika, lakini nondo za baba ni nondo za baba. Mimi nikaziviringishia maganda makavu ya mgomba na koti kuukuu la mtumba, zisije zikamgonga masikio. Kisha nikarudi kupika.

Gulio lililofuata, mvua ilikuwa imenyesha kama kawaida ya Rungwe, na njia ilikuwa utelezi mtupu. Watu wengi walikuwa chini barabarani wakisubiri mshindi. Baba mkwe alisimama peke yake kwenye kona kali, nadhani alitaka kuona kazi ya mikono yake, kwa hiyo mimi nikajibanza migombani, juu kidogo ya hiyo kona.

Vigari viwili vikapita. Cha mume wangu kikaja nyuma yavyo, kikateleza, kikapanda tuta, kikapinduka chali ndani ya mtaro. Nondo zilikita kwenye matope na kichwa chake hakikupondwa. Lakini mtaro ulikuwa na maji, na yeye alikuwa kichwa chini, amekwama, anatapatapa.

Mzee akaruka mtaroni, akashika upande mmoja. Kigari kikanyanyuka kidogo, kikarudi. Mimi nilishafika ukingoni, na hapo miguu ikasimama yenyewe. Nikajitupia kanga usoni, nikaingia kwenye maji nikipapasa. Nilishika gurudumu, likazunguka mkononi. Nikashika tope.

"Gwe mwanangu, funua uso!" Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu. "Utashika nini huoni? Mtoto anakufa!"

Nikaitupa kanga. Nikaiona nondo, nikaishika, tukainua pamoja. Mume wangu akachomoka, akakohoa maji, akatema tope, akavuta pumzi, halafu bingwa wangu akasema, "Si niliuliza nitatokaje?"

Nikampiga kofi la bega. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na furaha, sijui kipi kilizidi. Bila hizo nondo shingo yake ingekuwa imevunjika, na bado alikuwa na mdomo wa kubishana.

Nikageuka kuitafuta kanga yangu nijisitiri, maana hatari ilikuwa imeisha na desturi ilikuwa imerudi. Maji yalishaichukua. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye tope mbele yangu, hakugeuza kichwa wala hakujificha. Nikauona uso wake. Alikuwa mume wangu yuleyule, mwenye mvi, na alikuwa analia.