Nyumba ya ng'ombe wangu wa mahari haina mnunuzi

Admin, naomba unifichie jina. Nina miaka ishirini na sita, mama wa mtoto mmoja. Nimemkimbia mume wangu huko Lalago na sasa niko kwa wazazi wangu, pembezoni mwa mji wa Bariadi. Mume ananipiga mpaka majirani wamechoka kuja kuamulia.

Nilipoolewa, Bariadi ilikuwa imetoka kufanywa makao makuu ya mkoa. Wafanyakazi walimiminika na nyumba hazikutosha. Baba yangu ni mkulima wa pamba, lakini homa ya kujenga ilimpata na yeye. Ng'ombe wa mahari yangu hawakumaliza hata msimu zizini, aliwauza wote ili ajenge nyumba ya kuuza. Aliwauliza watu wa ofisini wanapenda nini, akaweka vyote: chumba masta, vigae, dari la jipsamu. Mama alipomsihi abakize japo wachache, alimjibu, "Wewe biashara unaijulia wapi?"

Nyumba ilipokamilika, halmashauri ikapima viwanja upande wa pili wa mji na kutoa hati. Wanunuzi wengi wanategemea mkopo wa benki, na benki inataka hati. Kwetu hakujapimwa. Basi wanakuja, wanasifia vigae, wanauliza hati, wanaondoka.

Kinachoniuma ni kwamba mimi na mwanangu tunalala jikoni, kwenye moshi, na nyumba ile imefungwa kwa kufuli. Niliomba chumba kimoja tu. Baba akasema, "Mwanangu, wateja wanataka nyumba mpya, isiyolaliwa na mtu. Ukiingia na masufuria yako nitamuuzia nani?" Kupangisha pia hataki, kwa sababu hiyohiyo. Kila asubuhi anavua viatu, anaingia kupiga deki. Simchukii baba yangu, lakini kuna siku natamani kuzipaka tope zile kuta. Si ni ng'ombe wangu wale?

Wiki iliyopita mume wangu alikuja na wazee wa kwao. Hawakugomba. Walisema tu, "Mzee, tupe mke wetu au tupe ng'ombe wetu." Baba akawapeleka kwenye nyumba, akawaambia waichukue badala ya ng'ombe. Mkubwa wao akagonga ukuta kwa fimbo, akacheka. "Hii inazaa?" Wakampa mpaka mwisho wa mwezi.

Walipoondoka, baba akasema kuna mtu wa Sapiwi mwenye mifugo mingi, amekuwa akimuulizia mdogo wangu. Mdogo wangu amepata nafasi chuo cha uuguzi, begi ameshanunua. Nilidhani atalia. Jana nimemkuta anamfulia mwanangu nguo, akaniambia bila kuniangalia, "Dada, usirudi kule. Umepigwa vya kutosha. Acha niende mimi."

Nikirudi Lalago, ipo siku yule mwanaume ataniua. Nisiporudi, mdogo wangu anaolewa ili ng'ombe wake wawalipe wakwe zangu. Mama analia tu, na baba bado anapiga deki.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, mwenye akili iliyotulia anisaidie, nishike njia ipi? Na kama kuna mtu anatafuta nyumba Bariadi, jamani, ipo. Ni mpya kabisa. Haijawahi kulaliwa na mtu.