Albamu Niliyoiweka Mwisho

Leo mdomo wangu umeniponza hapa Karatina, na sijui nitajitoa aje.

Nilikuwa hotelini na rafiki yangu Wambui, tunakunywa chai na kubishana kuhusu albamu za yule mzee wetu wa gitaa kutoka Timau. Mnajua vile nampenda huyo mzee.

Nikazipanga zote, kuanzia nzuri hadi mbaya.

"Ya mwisho kabisa ni ile ya harusi," nikasema kwa nguvu. "Huyo mama anayemwitikia ameiharibu. Anakwaruza kama redio mbovu!"

Wambui akacheka.

Mama mmoja tuliyekaa naye meza moja akaweka kikombe chini.

"Ni mimi," akasema.

Alinong'ona. Nilidhani anaona haya mbele ya watu. Kumbe siku hizi hiyo ndiyo sauti yake yote.

"Tukirekodi hiyo, nilikuwa karibu kupasuliwa koo. Huyo mzee wenu ni bwanangu, akataka sauti yangu ibaki mahali, hata ikiwa mbaya hivyo."

Nikasema pole mama, pole sana, pole.

Akanishika mkono, hana hasira hata kidogo.

"Na ya kwanza umeweka gani?"

Watu wangu, ni ile mzee anaimba peke yake.

Ati ningemjibu nini? Wewe ungemwambia?